Iyo "sisi" ni banani?

Ilikuwa Jumapili jioni, jikoni kwake. Mimi nimeshika kadi za maswali, yeye anakoroga sombe. Mama huyu ni jirani yangu hapa Philadelphia, Mkongo wa Kivu, na alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa uraia wa Marekani. Mimi si mwalimu. Kazi yangu ni kupanga maboksi ghalani, zamu ya usiku. Lakini Kiingereza changu kimenyooka kidogo kuliko chake, na sombe yake haina mpinzani mtaa mzima, basi kila Jumapili naitwa mwalimu na naitika.

Nikasoma kadi: maneno matatu ya kwanza ya Katiba ni yapi?

"Wi ze pipo," akajibu bila kugeuka.

Amepata. Nikamtafsiria, ili asikariri kama kasuku: Sisi Wananchi.

Akapunguza moto. Akanigeukia kwa jicho la mtu aliyetajiwa bei asiyoiamini.

"Iyo 'sisi' ni banani?"

Watu wote, Mama.

"Bote? Mwaka gani iyo?"

1787.

"Na batumwa, balikuwaka ndani?"

Nikamwambia tuendelee na kadi nyingine.

Swali hilo limenikaa kooni wiki sita sasa kama mwiba wa samaki. Kiswahili chetu hakina "sisi" mbili, moja ya kumwambia mtu naye yumo na nyingine ya kumwambia hayumo. Ukitaka kujua kama umehesabiwa, huna budi kuuliza. Mama aliuliza.

## Raia, wananchi, na doa la wino

Nilianza kwa kujishuku mimi na tafsiri yangu. Kwa nini nilisema "wananchi"? Mwananchi ni mwana wa nchi. Mwaka 1787, katika mji huu ilimoandikwa Katiba, wana wa nchi walikuwa nani? Ukifuata neno lilivyo, jibu la kwanza ni Walenape, waliokuwa wakiishi kando ya mto Delaware kabla ya Mzungu yeyote kutia nanga, na kwa wakati huo wengi wao walikwisha kusukumwa magharibi. Mabwana waliokaa ukumbini kuandika Katiba, wapo waliozaliwa ng'ambo. Alexander Hamilton kazaliwa visiwani Karibi. James Wilson ni Mskoti. Wakati huohuo, shambani Virginia, walikuwapo watumwa ambao hata babu zao walizaliwa palepale.

Nikajaribu "raia". Hilo nalo lina mambo yake. Tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko asili yake ni kundi linalochungwa, kisha watu walio chini ya mtawala. Mwenye fimbo yupo, wengine wanafuata.

Hapo nikakumbuka doa la wino. Juni 1776 Thomas Jefferson alikuwa amepanga vyumba katika nyumba moja hapa mjini, akiandika rasimu ya Azimio la Uhuru. Katika orodha ya madhambi ya mfalme aliandika maneno yenye maana ya "wenzetu tulio chini ya mfalme". Akashtuka. Wino ukiwa bado mbichi akalifuta lile neno la utwana kwa kulipaka, na juu ya uchafu uleule akaandika neno jipya, la raia asiye na bwana. Kwa zaidi ya miaka 200 hakuna aliyejua kilichokuwa chini ya doa, hadi mwaka 2010, wataalamu wa Maktaba ya Bunge walipolipiga picha kwa miale maalumu na neno la zamani likajitokeza.

Kiswahili changu kinanisaliti hapa: maneno yote mawili tungeweza kuyaita raia.

Lakini mkono ule naupenda. Mtu ana miaka 33, amezaliwa chini ya mfalme, na kalamu yake bado inaandika kitumwa kwa mazoea. Anajikamata katikati ya sentensi. Taifa bado halipo, ila kuna mtu ameona aibu ya neno la zamani.

Na nyumbani humo alikuwa amekuja na mtumwa wake wa kumhudumia. Nilitaka kuacha kulitaja hili lisiharibu picha. Limekataa kuachwa.

## Orodha iliyokatwa

Kuhusu "sisi" yenyewe, nilidhani iliandikwa na watu walioamini kabisa kwamba wao ni kitu kimoja. Sivyo.

Rasimu ya Agosti 1787 haikusema "Sisi Watu wa Marekani". Ilisema sisi watu wa New Hampshire, wa Massachusetts, wa Rhode Island, na kuendelea, majimbo yote 13 kwa majina, kama orodha ya wafiwa. Tatizo likawa hili: Katiba ingeanza kazi majimbo 9 yakishaikubali, na hakuna aliyejua ni yapi yangekubali. Rhode Island haikutuma hata mjumbe mmoja. Ungeliandikaje jina la mtu kwenye kadi ya mchango wakati mlango wake umefungwa? Septemba, kamati ya kusafisha lugha, na mwandishi wake mkuu Gouverneur Morris, ikaikata orodha. Ikabaki "Sisi Watu wa Marekani", watu wa madola yaliyoungana.

Yaani "sisi" ile pana, inayosomeshwa watoto na kuulizwa wageni, kwa sehemu ilikuwa njia ya kukwepa aibu ya orodha.

Wapo walioliona haraka. Patrick Henry wa Virginia alisimama mwaka 1788 kwenye mkutano wa jimbo lake akahoji: nani aliwapa ruhusa ya kusema "Sisi Watu" badala ya "Sisi Madola"? Na huyu ndiye Patrick Henry aliyesimama mwaka 1774, hapahapa Philadelphia, akatamka kwamba yeye si mtu wa Virginia, bali ni Mmarekani. Zamani nilimwona kigeugeu. Sasa namwelewa. Mwaka 1774 neno hilo lilikuwa la kumkabili Mwingereza. Mwaka 1788 lilikuwa linakuja na kodi, jeshi na mahakama.

Hata sarufi ilisita. Katiba ikizungumzia uhaini, inataja kupigana vita dhidi ya madola haya na kusema "dhidi yao", kwa wingi. Sisi tungesema madola *yana*, wala si nchi *ina*. Jefferson alipoandika "nchi yangu" mara nyingi alikuwa na maana ya Virginia. Kwa mtu aliyekua akichapwa kwa upatanisho wa kisarufi, hili ni tamu: nchi nzima haijui bado iko ngeli gani.

## Paa lenye nguzo tatu pungufu

Kisha wakafanya sherehe. Sherehe hii nimeisoma mara nyingi mno, nisameheni nikichelewa hapa.

Tarehe 4 Julai 1788, siku ya kukumbuka Azimio la Uhuru, habari zikiwa zimefika kwamba majimbo 10 yamekubali, Philadelphia iliandamana. Watu wapatao 5,000, msururu wa maili moja na nusu. Farasi 10 weupe walivuta jengo la mbao lililoitwa Paa Jipya, kuba juu ya nguzo 13. Nguzo 10 zimekamilika. Tatu zimeachwa nusu makusudi, ndizo New York, North Carolina na Rhode Island. Ilipita meli nzima juu ya magurudumu, ikiitwa Muungano, ina mizinga 20, na chini yake ni mashua waliyoiteka kwa Waingereza vitani. Mafundi walikuja na kazi zao, wakawa wanazifanya huku gari likienda: mfinyanzi anafinyanga vikombe, mhunzi anafua panga za vita kuwa mundu na majembe, wachapaji wanachapa shairi na kulirushia umati likiwa bado linanuka wino. Makasisi wa madhehebu mbalimbali walitembea wameshikana mikono na rabi wa Wayahudi. Mwisho wa safari ilikuwa kula na kunywa, bia na sharubati ya tufaha iliyochachuliwa, vyote vya hapahapa, pombe kali marufuku.

Daktari Benjamin Rush, aliyeyashuhudia haya yote, akaandika: imekwisha, tumekuwa taifa.

Nguzo tatu hazijasimama, naye anasema imekwisha.

Nilicheka mara ya kwanza. Mara ya tatu sikucheka. Mfinyanzi yule hakuwa na sababu ya kumjali mtu wa Georgia ambaye hatamwona maisha yake yote. Akapewa gari, gurudumu la kufinyangia na saa tatu za kutazamwa na mji mzima, na alipofika nyumbani jioni, miguu ikimuuma, alikuwa ametoka kuwa sehemu ya kitu. Nani asiyejua sherehe inavyoweza kutangulia ndoa? Wakati mwingine watu huvaa sare ndipo wakawa ukoo.

Mambo mengine waliyoyafanya kuujenga umoja nayapita: Noah Webster na kitabu chake cha tahajia, akiwadondolea Waingereza herufi ili hata maandishi yawe ya kwao, picha za George Washington, rais wa kwanza, ukutani, siku za kunyanyua glasi na kusoma risala. Hata sherehe yenyewe ya 4 Julai, miaka ya 1790 vyama viwili vilikuwa vinaisherehekea mbalimbali katika miji kadhaa, kila kimoja kikidai ndicho chenye taifa.

## Walioandikwa nje

Machi 1790 Bunge lilipitisha sheria ya kwanza ya kuwapa wageni uraia. Fupi tu. Awe amekaa miaka miwili, awe na tabia njema, ale kiapo mahakamani. Na awe mtu mweupe aliye huru.

Miaka miwili tu! Leo Mama kasubiri zaidi ya hapo. Lakini kwa sheria ile Mama asingesubiri kabisa, angefukuzwa mlangoni.

Septemba 1796 Washington aliwaaga wananchi wake kwa risala iliyochapishwa gazetini, akawasihi jina la Mmarekani liwape fahari kuliko jina lolote la kimkoa. Miezi minne kabla yake, Mei, familia yake ikiwa mezani inakula, Ona Judge, kijana wa miaka ipatayo 22, mtumwa wa kumvisha mke wa rais, alitoka mlangoni akaenda zake. Alikuwa amegundua kwamba angetolewa zawadi kwa mjukuu wa bibi huyo. Akafika New Hampshire, hakurudi tena. Nyumba ile ya rais, hapa Philadelphia, imebaki misingi tu, karibu na pembe ya barabara ya Sita na Market. Huwa naipita nikienda kazini.

Halafu, pembeni kidogo: kwetu pwani, nchi hii ilitufikia kwanza kama nguo. Bibi yangu alijua merikani kabla ya kujua Marekani. Gora zile zilifumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini, zikaletwa Unguja na merikebu za Salem miaka ya 1830. Mchumaji, mfumaji na baharia, wote walikuwa ndani ya kitambaa kimoja chenye jina la taifa. Mmoja wao hakuruhusiwa kujiita kwa jina hilo.

Basi Jumapili ya tatu nilikwenda kwa Mama na jibu kamili. Mama, nitamwambia, ni uongo. "Sisi" ile ilikuwa ya wenye mashamba. Kariri, faulu, chukua pasipoti.

Sikulisema. Alikuwa ameandika yale maneno matatu kwenye kipande cha boksi, herufi kubwa, akayabandika juu ya sinki. Nilikula nikaondoka. Njiani nikajiona mvivu. "Wote" lilikuwa jibu la kukwepa, na "uongo" lilikuwa la kukwepa vilevile, tofauti ni kwamba la pili linamfanya msemaji aonekane mwerevu.

## Mshona matanga

Aliyenitoa hapo ni mtoto aliyekuwa akicheza gololi.

James Forten alizaliwa hapa Philadelphia mwaka 1766, mweusi, huru. Mwaka 1781, akiwa na miaka 14, aliingia kwenye meli ya Wamarekani iliyowinda meli za Waingereza. Kazi yake ilikuwa kukimbiza baruti kwenye mizinga. Walikamatwa. Mateka mweusi hatima yake mara nyingi ilikuwa kuuzwa visiwani. Lakini nahodha Mwingereza alikuwa na mtoto wa rika lake, wakazoeana kwa kucheza gololi sitahani, mpaka nahodha akampa ofa: twende Uingereza, utasomeshwa, utaishi vizuri.

Kijana akakataa. Alisema yeye ni mfungwa kwa ajili ya uhuru wa nchi yake, na hataisaliti kamwe.

Nchi yake!

Wakamtupa kwenye Jersey, meli ya magereza pale New York ambako maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Miezi saba. Alipoachiwa alirudi nyumbani kwa miguu. Baadaye akawa mshona matanga, akamiliki karakana iliyoajiri mafundi weusi na weupe, akawa tajiri. Babu yangu naye alishona matanga ya majahazi kule Tanga, kwa hiyo nikimfikiria Forten namwona na sindano nene na kipande cha ngozi kiganjani cha kuisukumia, kidole gumba kimeota sugu.

Mwaka 1813 baraza la jimbo lilijadili muswada wa kuwabana weusi wasihamie Pennsylvania. Forten akaandika barua za kuupinga, akazichapisha bila jina lake. Mle ndani ametaja jambo moja kama la kawaida: kwamba kwenye siku za sherehe za taifa, hasa 4 Julai, mtu mweusi hathubutu kuonekana uwanjani baada ya saa sita mchana. Wanaosherehekea uhuru watampiga.

Nikairudia sherehe ya nguzo 13, nikaanza kutazama saa.

## Kuta za Bethel

Desemba 1816 waheshimiwa walikutana jijini Washington wakaunda chama cha kuwahamishia Afrika watu weusi walio huru. Rais wa chama akawa Bushrod Washington, mtoto wa mdogo wake George. Wapo waliodhani wanatenda wema.

Mwezi uliofuata, Januari 1817, weusi wa Philadelphia walijaa kanisa la Bethel la mchungaji Richard Allen, watu wapatao 3,000 kwa hesabu ya Forten, aliyekuwa mwenyekiti. Kutoka Ukumbi wa Uhuru, ule ilimoandikwa Katiba, hadi pale ni mwendo wa dakika 10. Nilikwenda asubuhi moja baada ya zamu, na maboksi yote yakiwa bado mgongoni. Jengo la sasa si lile, ila kiwanja ni kilekile, na Allen amezikwa humo chini.

Hiki ndicho nisichokijua kabla: Forten mwenyewe aliliunga mkono wazo la kuondoka. Amemwandikia rafiki yake, nahodha Paul Cuffe, kwamba kwa maoni yake watu wake hawatakuwa taifa mpaka watoke kati ya weupe. Yule mtoto wa gololi, miaka 35 baadaye, amechoka.

Ikaulizwa, nani anataka kwenda? Kimya. Hakuna hata mmoja. Nani hataki? Hapana iliyotoka, ilidhaniwa itaangusha kuta.

Azimio lao lilisema hivi, kwa ufupi: mababu zetu, bila hiari yao, ndio waliokuwa wa kwanza kufanikiwa kulima pori la Amerika, na sisi wazao wao tuna haki ya neema za udongo uliorutubishwa kwa damu na jasho lao. Kisha wakaongeza ambalo hakuna aliyewalazimisha kuongeza. Hatutajitenga kwa hiari na walio utumwani katika nchi hii. Ni ndugu zetu kwa damu, kwa mateso na kwa dhuluma.

Someni tena hapo. Wanaosema ni watu huru, wengine wana nyumba na biashara. Wangeweza kudai nafasi yao peke yao na pengine wakasikilizwa zaidi. Lakini walipotamka "sisi" waliifikisha hadi kwenye shamba la Georgia, kwa mtu mwenye pingu ambaye hawajamwona. Rush hakuifikisha huko. Washington hakuifikisha huko. Kwa kipimo cha upana, mkutano ule wa kanisani uliisoma Katiba jinsi ilivyoandikwa kuliko ukumbi ulioiandika.

Forten akaandika kwamba kwa kuwa wengi wako kinyume naye, atanyamaza, isipokuwa akiulizwa. Baadaye alisimama na watu wake na kukipinga chama kile kwa miaka iliyobaki ya uhai wake. Kiongozi aliyefundishwa na kelele ya waumini wake! Sijui ni wangapi wa kwetu wangekubali.

## Jumapili

Nilimsimulia Mama yote haya kwa mkupuo, sahani ikipoa mbele yangu. Gololi zilimfurahisha. Kwenye ile meli ya magereza alitikisa kichwa bila kusema, akamenya kitunguu kingine ambacho sikuona kinahitajika. Nilipofika kwenye hapana ya kanisani alipiga kofi la mapaja.

Kisha akafikiri.

"Na ule muzee wa matanga, balimupatiaka makaratasi?"

Hapana, Mama. Mwaka 1838 jimbo hili liliandika katiba mpya iliyosema mpiga kura lazima awe mweupe. Alikufa 1842. Watu weusi walihesabiwa kuwa raia kwenye Katiba ya nchi mwaka 1868.

"Yeye alipigana."

Alipigana.

"Na makaratasi hapana."

Hapana.

Akafuta mikono kwenye kitenge, akakaa, akavuta zile kadi kutoka mkononi mwangu, akaichomoa iliyofuata na kuniwekea mbele. Kwa nini bendera ina mistari 13?